Kiraka cha Kumi na Saba

Nimeshuka tena.
Gurudumu la nyuma limekata roho
kabla sijaipa Nyanguge mgongo,
na madumu mawili ya maziwa kwenye karia
yananitazama kama wakwe.

Lami ipo, ndiyo. Lami ni ya mabasi ya Musoma,
yanayokupigia honi ukiwa tayari mtaroni.
Sisi wa baiskeli tuna njia ya ng'ombe,
na njia ya ng'ombe ina mwenyewe:
mbigili.

Usiku hutambaa. Asubuhi huchanua
kaua ka njano, kadogo, kanakuamkia shikamoo,
na chini ya kaua kuna chembe yenye pembe.
Iangukavyo iangukavyo, pembe moja itatazama juu.
Nani aliifundisha hesabu hiyo?

Natoa mpini wa kijiko
(kijiko chenyewe kilivunjika kwenye pancha ya Pasaka),
nabandua tairi, navuta tyubu kama utumbo wa mbuzi.
Beseni sina. Nashuka nayo ziwani,
naizamisha kati ya magugu maji,
nasubiri iseme.
Inasema: viputo vitatu, vinne,
kama samaki mwenye umbea.

Viraka kumi na sita. Vyote navijua.
Hiki chekundu, mpira wa pikipiki ya marehemu Ng'washi.
Hiki kinene, wa trekta la kiwanda cha pamba,
ndicho kinachoirusha baiskeli kila mzunguko,
tuk,
tuk,
tuk, hadi Kisesa.
Hiki nilikibandika usiku, Kabula yuko leba,
tochi nimeiuma kwa meno.
Nikafika mtoto ameshalia, ameshanyonya, amelala.
Mke wangu akaitazama mikono yangu myeusi,
akasema: basi mwite Pancha.
Hatukumwita. Mtaa mzima unamwita.

Cha kumi na saba, haya. Msasa. Gundi. Napuliza.
Napampu. Napanda.
Hatua mia mbili.

Nimeshuka tena.

Hapo nilikaa chini nikatukana:
mbigili, ng'ombe wanaozibeba kwatoni,
aliyeumba mpira, aliyeniuzia mpira,
na mimi niliyezaliwa nisiwe ndege.
Maziwa yalishaanza kufikiria kuwa mtindi.

Akapita binti na furushi la pamba kichwani,
Holo wa kwa Lugwisha, darasa la tano au la sita.
Akasimama. Akangoja matusi yaishe.
"Umeutoa?"
Nimetoa nini?
"Mwiba."

Akanyofoa pamba, ya kujaa vidole viwili,
akaizungusha ndani ya tairi, polepole,
kama anayempangusa mtoto sikio.
Ikapita, ikapita, ikapita,
ikashikwa.

Ulikuwamo. Mdogo kuliko punje ya ulezi,
umekatika kichwa, umejikunyata ndani ya mpira,
hauonekani kwa jicho
wala kwa kidole cha mtu mwenye hasira.
Tangu lini? Vingapi katika viraka vyangu
nilivibandika juu ya mwiba mmoja?
Hata cha usiku ule wa leba?

Pesa hakutaka. Alikunywa kifuniko kimoja cha maziwa,
akafuta mdomo, akarudisha furushi lake,
akaenda zake kama mtu aliyeokota kifungo.

Igoma nilifika saa sita.
Nyamizi wa kibanda cha chai akafungua dumu, akanusa,
akanilipa bei ya mtindi.
Sikubishana.

Siku hizi mfukoni, pamoja na gundi
na kijiko kisicho kijiko,
natembea na pamba.
Mbigili zinachanua vilevile. Jana zimenishusha mara mbili.
Lakini kile kiraka cha trekta
sikibandui, fundi aseme asemavyo.
Nikipita gizani,
nitajuaje nimefika Kisesa?